Karte Katika Fundo la Kikwembe

Mimi ni mtu wa hasira ya karibu, sifichi. Yaya wangu, dada yangu mkubwa, alikuwa ananiambia hivyo tangu tulipokuwa watoto katika nyumba za watu wa reli, baba yetu akiwa bado anatoka asubuhi na kofia yake ya kazi. Chai haijapoa, nimeshaunguza mdomo. Mlango ukigoma, napiga teke. Sasa mpe mtu wa namna hiyo kompyuta inayotaka kubembelezwa, uone.

Labo yangu ya foto iko Katuba, mtaa mmoja wa Lubumbashi, chumba kimoja kinachotazama barabara. Ndani kuna kompyuta moja ya mezani, mashine ya kutolea foto, na shuka jeupe ukutani kwa wale wanaotaka foto za shule na za karatasi za kazi. Zamani kila karte, ile kadi ndogo inayotunza foto, iliyoingia ilikuja na virusi vyake. Karte za huku kwetu zinatembea kuliko watu: leo iko katika simu, kesho katika redio ya baa, keshokutwa katika kamera ya arusi, halafu inafika kwangu na uchafu wa kote ilikopita. Mashine ilikuwa inakufa karibu kila mwezi. Ndipo fundi mmoja akanifutia kila kitu na kuniwekea system nyingine, ile isiyoshikwa na virusi vya kawaida.

Virusi viliisha kweli, lakini dawa ilikuja na ugonjwa wake. Karte ilikuwa haifunguki yenyewe. Unaiingiza, taa yake ndogo inawaka, halafu kimya. Lazima uandike amri kwa mkono: fungua mlango fulani, weka vitu vyake katika folda fulani. Ukikosa nukta moja, unaanza upya, na mteja amesimama anakuangalia kama unavyomwangalia mtu anayetafuta ufunguo wa nyumba yake mwenyewe.

Siku ya kuniua ilikuwa Jumamosi. Lubumbashi Jumamosi ni siku ya kuoa na siku ya kuzika, na wapiga foto ni walewale. Asubuhi yuko makaburini, saa sita yuko kanisani, jioni yuko salle, ukumbi wa sherehe, na karte yake ni moja, ikizidi mbili. Kwa hiyo ikijaa anapanda pikipiki, anakuja kwangu mbio. Mimi ninakopi foto zote katika mashine, ninaifuta karte, anarudi nayo ikiwa tupu. Tunaita kusafisha karte. Foto zenyewe nitazitoa Jumapili, Jumatatu, watu wakishatulia. Jumamosi ni kusafisha tu, kumi, kumi na tano, moja baada ya nyingine, kila mmoja akisema bibi arusi ameshatoka nyumbani.

Nikamwita tena yule fundi. Alikuwa mtoto wa watu wa Kasai, babu yake ndiye aliyekuja huku, yeye mwenyewe amezaliwa palepale Katuba kama mimi. Kati yetu wenyeji na wao wa kuja kuna maneno mengi, ya utani na yasiyo ya utani, na sitajifanya mtakatifu. Niliipenda mikono yake. Ila alipofungua kinywa kunifundisha, damu ilinipanda, nikasikia jambo moja tu: hawa wanapenda kutuonyesha kwamba wamesoma. Ni aibu kuyaandika, lakini nisipoyaandika hamtaelewa kwa nini sikumsikia.

Nilikuwa na visomaji viwili vya karte, kimoja kushoto na kingine kuume, tunaviita milango. Nikamwambia ninachotaka: wa kushoto ni wa wateja wa kawaida, ufungue karte na basi. Wa kuume ni wa wapiga foto: ufungue, ukopi, ufute, bila mimi kugusa kitu.

"Kufungua, sawa," akasema. "Kufuta, hapana, papa."

"Juu ya nini?"

"Angalia. Mashine haijue kama mulango ni wa kushoto ao wa kuume. Lettre a ni yake yenyewe. Mwenye kuamuka wa kwanza inamupatia lettre b, wa pili inamupatia c. Ni sawa vile jeton, ile numéro ya kungojea ku hôpital. Leo ulifika wa kwanza, kesho unachelewa, jeton inabadirika."

"Shi kila siku ni ileile."

"Kila siku mpaka siku moja. Karte kila moja iko na numéro yake ya ndani, ile haibadirike. Tuandike ile numéro, hapo haitakosea."

"Karte za bafotografe zinabadirika kila Samedi. Nitaandika ngapi?"

"Basi ifungue tu. Kufuta, ufute na mukono yako, kisha kuona na macho yako kama foto zimeingia."

Akaandika mistari yake katika faili, akajaribu, karte ikafunguka yenyewe kwenye skrini kama mlango wa benki. Akaenda zake. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake muda wote, nikasoma jinsi anavyoandika. Wiki moja haikupita, nikaongeza mistari yangu. Mlango b, wa kushoto, fungua. Mlango c, wa kuume, fungua, kopi, futa. Sikuandika popote kwamba kama kukopi kumeshindikana, simama. Hata halikunijia. Ikafanya kazi miezi na miezi, nikawa nawaonyesha wapiga foto: weka karte, kunywa maji, ondoka. Sikio la kufa halisikii dawa, na langu lilikuwa linacheka.

Mwipwa wangu alikuwa mtoto wa pekee wa yaya. Alikuwa na miaka ishirini na sita, mwenye kelele, akicheka alikuwa anaziba kinywa na mkono kwa sababu ya jino moja lililopanda juu ya jingine. Alizaa mtoto wa kike mwanzo wa mvua, akiwa anakaa kwa mama yake. Baba wa mtoto alikuwa kazini upande wa Kilwa, si ile ya pwani, ni ya huku kwetu ziwani, na wakati wa mvua ile barabara si barabara.

Kwa yaya kulikuwa na sheria moja iliyotoka kwa mama yetu na kwa bibi yetu: foto ya mtoto mchanga haitoki nyumbani kabla ya jino la kwanza. Wazee walisema jicho la watu linamkuta mtoto akiwa bado laini. Mwipwa alicheka, akaziba kinywa, lakini alitii. Alimpiga mtoto foto kila siku, akimwomba jirani awapige wote wawili, na hakumtumia mtu hata moja, wala baba wa mtoto, wala mimi. Zote zilikaa katika karte ya simu yake. Tukimwomba alisema tungoje jino.

Mtoto alikuwa na miezi mitatu mama yake aliposhikwa na malaria. Siku nne tu. Hospitali walisema alichelewa kufikishwa, na ni kweli, sote tulidhani ni uchovu wa kunyonyesha. Alikufa Alhamisi. Simu yake ilianguka katika koridoo wakati wanamkimbiza, mtu akaikanyaga, haikuwaka tena. Yaya aliitoa karte ndani yake, ile ndogo kama ukucha, akaifunga katika ncha ya kikwembe chake, kile kitenge alichojifunga, fundo juu ya fundo.

Ijumaa nilikuwa kilioni, nyumbani kwa yaya, tangu asubuhi. Wanawake walikuwa wamekaa chini ndani ya nyumba, yaya katikati yao, mgongo ukutani, sauti imemwisha. Kando ya mlango walikuwa wameweka kiti kilichofunikwa kitambaa cheupe. Katika familia yetu kiti hicho ni cha foto ya marehemu. Mtu akiingia anasalimia kiti kwanza, ndipo anakaa, na siku ya kuzika foto inatangulia mbele ya sanduku mikononi mwa ndugu. Kiti cha mwipwa kilikuwa tupu. Watu walikuwa wanaingia, wanakiangalia, wanageuka, wanakosa wa kumsalimia.

Yaya aliniita nikachuchumaa mbele yake. Akafungua fundo kwa meno.

"Iyi ya pa kiti, chagula ile anacheka," akasema. "Zingine unichungie, mudogo yangu. Uyu mutoto akikomea, akikuwa mukubwa, akiniuliza mama yake alikuwa namna gani, nitamuonyesha nini? Yote iko mu iyi karte tu."

"Yaya, lala kidogo. Kesho asubuhi foto itakuwa hapa."

Naapa niliishika kama yai.

Mtaniuliza kama hakukuwa na foto nyingine ya mtu mzima wa miaka ishirini na sita katika mji huu wa simu. Zilikuwepo. Katika moja yuko arusini, nyuma ya kofia ya mama mmoja, inaonekana nywele na sikio. Nyingine wako kumi na wawili mbele ya kanisa na jua limewakaanga wote. Simu ya kwanza aliibiwa mwaka uliotangulia, na mambo yake ya zamani yaliondoka nayo. Na hata zingekuwa elfu, hakuna iliyokuwa na mtoto wake mkononi. Hizo zilikuwa katika mfuko wa shati langu.

Jumamosi nilifungua labo mapema kwa kazi hiyo moja. Umeme ulikuwa umekatika. Nikakaa gizani nikitukana, na maziko yalikuwa saa nane. Mpiga foto mmoja aliona mlango uko wazi, akaingia na karte yake, imejaa kilio cha Ijumaa cha watu wengine, na saa tano alikuwa na arusi. Nikamwambia leo sifanyi kazi, niko na msiba. Akasema pole sana papa, pole, lakini ni kusafisha tu, umeme ukirudi. Nilikuwa sina nguvu ya kubishana.

Umeme ulirudi karibu saa nne. Nikawasha mashine, nikaingiza karte ya mwipwa ndani ya ganda jeusi la kuifanya iwe kubwa kama karte ya kamera, nikaiweka mlango wa kushoto. Karte ya mpiga foto, katika ganda jeusi vilevile, nikaiweka mlango wa kuume. Asubuhi ile mlango wa kushoto ulichelewa kuamka. Sekunde moja, labda haikufika. Ukawa wa pili. Ukapewa c.

Folda ikafunguka yenyewe. Nikawaona. Nitasema nilichokiona maana hakuna mtu mwingine atakayekisema. Mwipwa amekaa mkekani, mtoto kifuani, anamwangalia. Mtoto ndani ya beseni, macho makubwa. Wote wawili kitandani, kitenge cha njano. Mwipwa ameinua mtoto juu na anacheka, na kwa mara moja hakuziba kinywa kwa sababu mikono yote ilikuwa na mtoto, jino lile linaonekana. Nikasema moyoni, hiyo hiyo, yaya ataitaka hiyo. Nilipopeleka kidole, picha ya kwanza ikaondoka. Halafu ya pili. Nilidhani skrini inajipanga. Ziliondoka moja moja bila haraka, kutoka juu kuja chini, na pembeni kukatokea maneno ya Kifaransa kwamba nafasi haitoshi. Disque ya mashine ilikuwa imejaa. Haikukopi hata moja, na mstari wangu ukaendelea kufuta kama nilivyouagiza.

Nilifanya ambalo mtu wa hasira anafanya. Nilichomoa karte zote mbili kwa nguvu, nikazitupa mezani, nikaanza kupiga mashine na kuitukana, nikitafuta zimekwenda wapi. Nyuma yangu mpiga foto aliuliza, "Papa, iliisha?" Alichukua karte moja mezani, akaiweka katika kamera, kamera ikamwambia imejaa. Akaweka nyingine, ikamwambia ni tupu. Basi hiyo ndiyo yake. Akaniachia ile iliyojaa, akasema Mungu akutie nguvu, akapanda pikipiki.

Nilipotulia kidogo nikaingiza karte iliyobaki mezani. Ikafunguka yenyewe, ikanionyesha sanduku la mtu nisiyemjua na watu nisiowajua wanalia. Ndipo nikaelewa kwamba ya mwipwa imeondoka na pikipiki.

Nikampigia mpiga foto, simu ikalia bila kupokelewa, nadhani alikuwa kanisani. Nikakimbia kwa fundi, nyumba yake si mbali. Alinisikiliza akiwa amesimama mlangoni na mswaki mkononi. Hakunikumbusha aliyoniambia. Afadhali angenitukana.

"Kufuta haiko kupoteza," akasema. "Foto zingali ndani, ni jina tu iliondoka. Kama hakuna muntu wa kuandika juu yake, nitazirudisha zote. Karte iko wapi?"

Nikamwambia. Akaweka mswaki dirishani, akachukua ufunguo wa pikipiki.

"Tumutafute," akasema.

Tulimtafuta kwa pikipiki ya fundi. Kanisa la kwanza, hapana. La pili walikuwa wameshatoka. Tulimkuta mbele ya nyumba ya komini, pale wanapoandikisha ndoa, saa saba na nusu, amepiga magoti katika matope mekundu, akipiga foto gauni la bibi arusi lilivyotandazwa kwenye ngazi. Alikuwa amepiga tangu saa tano bila kupumua. Fundi alimwambia tu, papa, tupatie ile karte, tutakupatia ingine. Alitupatia, maskini, alipoelewa alianza kuomba msamaha kwangu. Kwangu mimi.

Wakati huo simu yangu ilikuwa imeshaita mara nyingi. Foto iko wapi, sanduku limefika, padre amefika. Nilipita nyumbani kwa yaya, nikaomba kadi ya mpiga kura ya mwipwa, nikarudi labo, nikaipiga foto na kuikuza. Foto ya kadi ni kama ukubwa wa dole gumba. Ukiikuza mpaka iwe ya kiti, mtu anakuwa moshi. Kijivu, macho mawili meusi, kinywa kimefungwa kwa sababu waliwakataza kucheka. Niliitia katika fremu nikaipeleka hivyo.

Yaya aliipokea, akapitisha kidole juu ya kile kinywa kilichofungwa.

"Shi nilisema ile anacheka."

Wanawake wote walikuwa wananiangalia. Nilikuwa na jibu la kweli kinywani, naapa. Yakatoka maneno mengine.

"Yaya, karte ilikufa. Niliikuta imekufa."

"Ilikufa namna gani?"

Sikuwa nimefikiria mbali hivyo. Aliyenijibia ni mama yetu mkubwa, dada ya marehemu mama, mwanamke asiye na ubaya hata kidogo. Alimshika yaya mkono, akasema kwa sauti ya kumtuliza, "Mwanangu, karte haipende maji. Uliifunga mu kikwembe siku mbili, unalia mule, unapangusa machozi mule, jasho, yote. Inaweza kufa."

Yaya aliinua ncha ya kikwembe chake. Ilikuwa bado na mikunjo ya fundo, na ilikuwa imelowa. Akaishika, akaifinya, akaniangalia.

"Ni ile machozi?" akaniuliza.

Nikainamisha kichwa. Hakuna aliyenilazimisha. Nilikiinamisha mwenyewe, na watu wakaona mtu wa foto amekubali. Yaya hakulia. Alisema pole pole, kama anayejisomea, kwamba ni yeye aliyekataza foto zisitumwe kwa watu, na ni yeye tena aliyeziua zile zilizobaki. Kisha wakatuita, sanduku linaondoka. Mimi ndiye niliyebeba ile foto ya moshi mbele mpaka makaburini.

Fundi alikaa na karte siku tatu. Alinirudishia foto tisa, na zote tisa zimekatika. Mashine inarudisha kilichobaki, na pale palipokaliwa inaweka kilichopakalia. Moja ina mguu wa mtoto ndani ya beseni, kuanzia hapo kwenda chini ni keki ya arusi. Nyingine ni kitenge cha njano tu. Ile ya kucheka ilikuwepo. Paji la uso, nyusi, macho mawili yamekunjamana kwa kicheko, nusu ya pua. Chini ya pua linaanza gauni jeupe kwenye ngazi za komini.

"Umupelekee yaya yako," fundi akasema. "Hata nusu ni kitu."

Ningempelekea namna gani? Karte iliyokufa kwa machozi haizai gauni la arusi la watu. Nikaitoa kwenye karatasi, nikaifungia katika saraka ya meza. Ile mistari yangu niliifuta siku hiyohiyo, na tangu siku hiyo karte inafunguka yenyewe labo kwangu, lakini kufuta ni mkono wangu. Wapiga foto wanalalamika. Walalamike.

Miaka sita nilikula kwa yaya kila Jumapili baada ya misa. Bukari, yaani ugali, samaki, majani ya lengalenga, mtoto kati yetu. Aliota meno, akatembea, akawa na kelele za mama yake. Kila aliyekuja na kuuliza mbona hakuna foto ya mama yake ukutani ila ile ya kijivu, yaya alijibu kabla sijameza: "Ni miye. Niliifunga mu kikwembe, nikaililia." Alisema hivyo kwa majirani, kwa padre, kwa baba wa mtoto aliposhuka mwishowe kutoka Kilwa na kukaa kwenye kiti akiuliza kama kuna foto hata moja. Yule mwanaume alimwangalia kwa jicho ambalo lilikuwa haki yangu. Nami niliendelea kula, namwomba yaya anipe maji.

Mwaka huu mtoto ameanza shule. Walimu waliwaambia wachore mama zao. Yeye alichora mtu wa kijivu asiye na kinywa, akatuonyesha mezani. Yaya akaanza, "Ni miye..." nikaona siwezi tena. Jumapili iliyofuata, mchana, mtoto akiwa nje anacheza na wenzake, niliweka ile nusu ya foto juu ya meza na nikasema yote. Milango miwili, mistari yangu, fundi alivyonionya, mpiga foto, kichwa changu nilivyokiinamisha. Nilisema bila kusimama maana ningesimama ningekimbia.

Yaya alisikiliza huku mkono wake uko juu ya foto.

"Nani mwingine anajua?"

"Fundi peke yake. Na mwenye kupiga foto, kidogo."

"Basi, banyamaze. Na weye unyamaze."

"Yaya, minataka nimuambie mutoto. Nimuambie baba yake. Haiko haki..."

"Sikia." Alisema bila kuinua sauti. "Baba alikufa, mama alikufa, mutoto wangu alikufa. Nimebakia na weye na uyu. Kama ni weye, sitaweza kukuangalia tena. Minajijua. Nitakupakulia chakula na moyo iko inakutukana, mpaka nitakufukuza. Acha ikuwe miye. Nilikwisha kuzoea."

Nililia. Yeye hapana. Alisimama, akachukua mkasi kwenye kikapu cha kushonea, akakata foto taratibu chini ya pua, akifuata mstari pale gauni linapoanza. Kipande cha gauni alikikunja akakitia katika moto wa makaa. Kisha akamwita mtoto.

"Kuya uone macho ya mama yako. Nimeyapata."

Mtoto aliingia na vumbi miguuni, akashika kile kipande kwa vidole viwili. Alikitazama, akakigeuza nyuma, akakirudisha mbele.

"Na kinywa yake?"

"Kinywa niliharibisha miye," yaya akasema. "Na machozi."

Mtoto akanigeukia mimi, ananiita mjomba kama mama yake alivyoniita, kwa sababu anajua kazi yangu ni foto.

"Yomba, njo vile? Ni kweli?"

Yaya alikuwa ananiangalia.

"Njo vile," nikasema.